Tumbo la Mdogo Wangu Si Langu

Bibi alimimina maziwa kwenye vikombe viwili vya bati, akatusogezea. Yalikuwa yamechemshwa asubuhi ile ile, utando wa mafuta bado unaelea juu. Nje, ukungu wa Mbulu ulikuwa haujaondoka. Mimi nilikunywa mpaka tone la mwisho. Mdogo wangu alikizungusha kikombe mkononi, akakitazama, akakiweka chini.

Bibi hakusema neno. Kwa watu wa upande wa baba, kikombe cha maziwa kikirudi kimejaa, mwenye nyumba ndiye anayebaki kujiuliza amekosea wapi.

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. "Kunywa bwana, usimvunje moyo bibi."

Akanywa.

Usiku ule alitoka nje mara nne. Asubuhi, tukirudi Arusha, dereva alilazimika kusimamisha gari mara mbili kabla hatujafika Karatu. Mara ya pili alirudi amelowa jasho, akakaa, akafunga mkanda, akaniambia bila hasira yoyote: "Dada, tumbo langu si lako."

Hii ni wiki ya saba. Bado naisikia sauti yake.

## Chungu kimoja

Mama yetu ni Mbondei wa Muheza, baba ni Mwiraqw wa Mbulu. Mimi na mdogo wangu tumepishana miaka miwili. Tumekula chungu kimoja, tumelala chandarua kimoja, tumeugua malaria kwa zamu. Kama kuna watu wawili ambao matumbo yao yangepaswa kufanana, ni sisi.

Kwa hiyo miaka yote nilimwona anadeka. Na nilikuwa na ushahidi wangu, ambao niliutumia kama wakili: mbona maziwa ya mgando anayanywa? Bakuli zima, pamoja na ugali, na halalamiki. Mtu anayedhuriwa na maziwa angewezaje kunywa mtindi?

Niliporudi Dar nikaanza kusoma, usiku baada ya usiku, nikagundua kwamba ule ushahidi wangu ulikuwa wa kwake.

## Kinachobaki mezani

Sukari iliyomo kwenye maziwa inaitwa laktosi. Haiwezi kupenya ukuta wa utumbo mwembamba ikiwa nzima. Lazima ikatwe vipande viwili, glukosi na galaktosi, na kisu cha kuikatia ni kimeng'enya kinachoitwa laktesi. Mtoto mchanga anacho tele. Akishaachishwa ziwa, mwili hupunguza kukitengeneza, kama inavyotokea kwa ndama, mwanakondoo na karibu kila mnyama anayenyonyesha. Takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani wako hivyo.

Soma tena hapo. Theluthi mbili. Mdogo wangu hakuwa mgonjwa. Yeye ndiye yuko kama binadamu wengi walivyo, mimi ndiye niliyetoka kwenye mstari.

Laktosi isiyokatwa huteremka mpaka utumbo mpana, na huko kuna wenyeji. Bakteria kwa matrilioni wanasubiri chochote ambacho sisi tumeshindwa kukimeng'enya. Wakipata sukari ile wanaivundisha. Maji yanavutwa kuingia kwenye utumbo, gesi inajaa, tumbo linaunguruma. Kipimo kimoja cha hospitali kinategemea jambo hilo hilo: unanywa laktosi, kisha unapuliza pumzi kwenye kifaa kinachotafuta hidrojeni. Seli za binadamu hazitengenezi hidrojeni. Ikionekana kwenye pumzi, imetoka kwa bakteria, imepita kwenye damu na mapafu, ikatokea mdomoni.

Na maziwa ya mgando? Bakteria wanaoyagandisha wameshakula sehemu ya laktosi kabla hayajafika kinywani. Ndiyo maana mdogo wangu aliyaweza siku zote.

Hapo ningeweza kuishia, nimwombe radhi, mambo yaishe. Lakini nilikuwa nimeshaingiwa na swali jingine. Kama jeni moja, ile ya kutengeneza laktesi, inaamua ni sukari kiasi gani inafika kule chini, basi jeni hiyo inaamua pia nani anashiba kule chini. Je, urithi wetu unachagua hata bakteria tunaoishi nao?

## Jibu lililonigeuza

Jeni ya laktesi kwa kifupi huitwa LCT, nayo iko kwenye kromosomu ya 2. Watafiti wamekusanya choo na vinasaba vya maelfu ya watu, wakatafuta kama kuna herufi yoyote kwenye DNA inayokwenda pamoja na bakteria fulani. Sehemu nyingi za DNA hutajwa na utafiti mmoja kisha hazionekani tena kwenye unaofuata. LCT haipotei. Ilijitokeza Uholanzi mwaka 2016 katika watu 1,514. Mwaka 2021, muungano wa watafiti uliojumlisha watu 18,340 kutoka makundi 24 ya nchi mbalimbali uliikuta ikiwa imesimama juu ya zote. Na kila mara inaambatana na kundi lile lile la bakteria: Bifidobakteria, jamaa wale wale wanaosifiwa kwenye matangazo ya yogati.

Nilidhani najua upande gani ungekuwa nao kwa wingi. Mimi, bila shaka, mnywaji wa maziwa, mjukuu wa wafugaji.

Ni kinyume chake. Wanaokosa laktesi ndio wenye Bifidobakteria wengi zaidi.

Nilikaa na sentensi hiyo siku kadhaa. Nikiwa jikoni, nikiwa kwenye daladala, inarudi. Kisha ikanifungukia. Mimi namaliza chakula chote mezani. Laktosi yangu inakatwa na kunyonywa juu huko, wenyeji wa chini hawapati kitu. Mdogo wangu anaacha mabaki, na kwenye mabaki yake wapo wanaonenepa. Jeni haiteui bakteria kwa jina. Inaamua tu kinachobaki sahanini.

Kuna mambo mawili yaliyonifanya niamini kwamba ndivyo ilivyo. La kwanza ni umri: katika ule utafiti mkubwa wa 2021, uhusiano wa LCT na Bifidobakteria ulitofautiana kulingana na umri. Inaleta maana, kwa sababu watoto wadogo wote bado wana laktesi, na tofauti kati ya mtu na mtu huja baadaye. La pili ni chakula. Nchini Finland mwaka 2022, kwa watu 5,959, na kule Uholanzi pia, uhusiano ulitegemea kama mtu anatumia maziwa.

Asiyekunywa maziwa kabisa, jeni hii haina la kumfanyia. Ipo mwilini mwake, imeandikwa, lakini imekaa kimya.

## Wiki ya shaka

Halafu nikakutana na utafiti wa Israel.

Ulichapishwa mwaka 2018, watu 1,046, wote wakiishi nchi moja lakini mababu zao wametoka mbali mbali: Ulaya, Afrika ya Kaskazini, Yemen, Mashariki ya Kati. Kama urithi ungekuwa na nguvu, watu wenye asili moja wangefanana bakteria. Hawakufanana. Waliofanana ni watu wasio na undugu wowote wanaoishi nyumba moja. Watafiti wakapiga hesabu pia kwa kutumia takwimu za mapacha, wakapata kwamba sehemu ya tofauti za bakteria inayoweza kuhesabiwa kuwa ya kurithi ni kati ya asilimia 1.9 na 8.1. Vyakula, dawa na vipimo vya mwili kwa pamoja viliweza kueleza zaidi ya asilimia 20.

Nilifunga kompyuta. Nilikuwa nimeshaandika nusu ya makala hii, na ilionekana ni hadithi nzuri kuhusu kitu kidogo mno.

Nikakumbuka mapacha wa Uingereza. Mwaka 2014 watafiti walilinganisha jozi 416, mapacha wa kufanana na wasiofanana. Waliofanana walikaribiana zaidi kwa baadhi ya bakteria, na familia iliyoongoza kwa kurithika ni Christensenellaceae, ambayo ilionekana zaidi kwa watu wembamba. Walipowapa panya aina moja ya bakteria hao, panya hao hawakunenepa kama wenzao. Hilo nalo ni la kweli. Sasa nishike lipi? Mapacha wanasema urithi upo, Waisraeli wanasema chumba cha kulia kina nguvu kuliko damu.

Niliwaza vilevile kama nilikuwa natafuta sayansi inipe ruhusa. Ruhusa ya kusema "ni jeni tu", ili ile asubuhi ya njiani Karatu isiwe kosa la mtu. Lakini ilikuwa kosa la mtu. Mimi ndiye niliyemkanyaga mguu.

## Nyani wa Amboseli

Jibu lililonituliza lilitoka jirani, chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya.

Amboseli kuna nyani ambao wamefuatiliwa mfululizo tangu 1971. Wanajulikana mmoja mmoja: nani mama yake, yuko kundi gani, amekula nini mwezi huu. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya sampuli 16,234 za choo chao, kutoka kwa nyani 585, zilizokusanywa kwa miaka 14. Kwa binadamu, tafiti nyingi huchukua choo cha mtu mara moja tu. Ni kama kumpiga mtu picha moja sokoni na kudai unajua maisha yake.

Walipowatazama nyani wale wale mwaka baada ya mwaka, asilimia 97 ya sifa za bakteria walizozipima zilionekana kuwa na chembe ya urithi ndani yake. Karibu zote! Lakini chembe hiyo kwa wastani ilikuwa ndogo, kama asilimia 7 ya tofauti. Na kilichonishika ni kwamba haikukaa mahali pamoja. Urithi ulionekana zaidi wakati wa kiangazi kuliko wakati wa mvua. Ulionekana zaidi pale chakula kilipokuwa cha aina chache. Ulionekana zaidi kwa nyani wazee.

Nilisoma hapo nikiwa kitandani, nikaamka, nikawasha taa.

Nilikuwa nimeuliza vibaya tangu mwanzo. Nilitaka namba moja: urithi ni asilimia ngapi? Hakuna namba moja, kwa sababu urithi unapanda na kushuka pamoja na mvua na pamoja na kilichoko sufuriani. Waisraeli na mapacha wa Uingereza hawagombani. Mimi na mdogo wangu tulipokuwa Muheza tunakula wali wa nazi na samaki, maziwa ni yale ya kwenye chai tu, matumbo yetu huenda yalikuwa karibu sana. Tukipelekwa kwa bibi, kwenye kikombe kilichojaa, ile tofauti iliyokuwa imelala inaamka.

Tumbo lake si langu. Lakini lilikuwa halionyeshi mpaka lipewe maziwa.

## Herufi 100 kando

Kuna jambo moja hapa ambalo linaniuma, na nitalisema waziwazi.

Kwa Wazungu wengi, kinachowafanya waendelee kuwa na laktesi ukubwani ni badiliko la herufi moja karibu na jeni ya LCT, nafasi inayoitwa -13910. Kwa muda fulani hilo ndilo lililojulikana, na likawa ndilo linalopimwa. Ukiwapima wafugaji wa kwetu kwa kipimo hicho, wengi wataambiwa hawawezi kunywa maziwa, huku wameshika kibuyu mkononi.

Mwaka 2007 timu ya Sarah Tishkoff, mtafiti wa vinasaba wa Marekani, ilichapisha utafiti wa watu 470 kutoka makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Watu walinyweshwa gramu 50 za laktosi, sawa na lita moja au mbili za maziwa ya ng'ombe, kisha sukari ya damu ikapimwa kila baada ya dakika chache. Walikuta badiliko jingine, nafasi ya -14010, lililoenea Tanzania na Kenya. Herufi 100 tu kutoka lile la Ulaya. Lilijitokeza lenyewe, kwa watu wengine, kwa sababu ile ile: ng'ombe. Walikadiria kwamba lina umri wa kati ya miaka 2,700 na 6,800, kipindi ambacho ufugaji ulikuwa unaingia na kusambaa sehemu hizi.

Wairaqw walikuwamo kwenye utafiti huo. Watu wa bibi.

Sasa rudi kwenye zile namba za bakteria: Uholanzi, Finland, na wale 18,340 ambao wengi wao wana asili ya Ulaya. Karibu kila tunachokijua kuhusu LCT na Bifidobakteria kimesomwa kupitia herufi ya Ulaya, kwa watu wanaokula vya Ulaya. Na tumbo la kwetu linaweza kuwa na wenyeji tofauti kabisa. Mwaka 2014, watafiti walipochunguza Wahadzabe 27 wa Ziwa Eyasi, hawakuwakuta na Bifidobakteria kabisa. Hao ni watu wa asali, mizizi, mibuyu na nyama ya porini. Kutoka Eyasi mpaka kwa bibi si safari ya siku nzima. Natamani mtu afanye kwa familia za Mbulu, Karatu na Muheza kile kilichofanywa kwa nyani wa Amboseli: aje masika, aje kiangazi, aje tena mwakani, ajue nani ni mtoto wa nani na nani amekunywa nini. Nyani wanajulikana hivyo. Sisi bado.

## Urithi usiopita kwenye damu

Mama alinisikiliza siku moja nikieleza haya yote kwa simu, akauliza: "Na mimi sikuwapa kitu?"

Swali lake lilinipeleka kwenye jeni nyingine, FUT2. Hiyo huamua kama mwili unatandaza sukari fulani kwenye ute wa utumbo, mate na maziwa ya mama. Wapo ambao nakala zao zote mbili hazifanyi kazi. Mama mwenye jeni inayofanya kazi hutoa maziwa yenye sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Hazimshibishi mtoto hata kidogo. Zinashuka moja kwa moja hadi utumbo mpana na kulisha bakteria, hasa Bifidobakteria wa watoto wachanga.

Nikamwambia mama: maziwa yako yalikuwa na chakula ambacho hakikuwa chetu. Kilikuwa cha wale walioko ndani yetu. Na si lazima mtoto arithi jeni ya mama yake ndipo azipate sukari hizo. Anazipata hata kama hakuirithi, ilimradi ananyonya.

Akanyamaza kidogo. "Basi niliwapikia na hao," akasema.

## Simu kwa bibi

Uwezo wa kunywa maziwa ukubwani unahitaji nakala moja tu ya badiliko, kutoka kwa mzazi mmoja. Kama baba ana moja na mama hana, kila mtoto ni shilingi inayorushwa hewani. Yangu iliangukia upande mmoja, ya mdogo wangu upande mwingine. Hatujapimwa, nabahatisha kwa kutazama matumbo. Lakini kama hesabu hiyo ni sawa, baba naye alipokea nakala moja kwa mzazi mmoja na hakupata kwa yule mwingine.

Kwa hiyo nikampigia bibi. Nilimwomba radhi kwanza kwa ajili ya ile asubuhi, nikamweleza kwamba mjukuu wake hakudharau maziwa yake, alidhurika. Nikamuuliza, kwa kuzunguka zunguka, kama kuna mtu mwingine nyumbani aliyekuwa hivyo.

Alicheka mpaka akakohoa.

"Babu yenu," akasema. "Tangu amenioa mpaka tunamzika, hakunywa maziwa mabichi. Nilikuwa namwekea kwenye kibuyu, yakae, yagande. Kibuyu kile cha mlangoni ulidhani ni cha nini?"

Nimekiona kibuyu hicho tangu nina akili zangu. Sikuwahi kuuliza.

Mdogo wangu nilimwandikia usiku ule ule, ujumbe mrefu, wenye Amboseli na Finland na babu ndani yake. Nilimwambia pia kwamba kuna jaribio la 1996 ambapo watu wasio na laktesi walipewa laktosi kidogo kidogo kila siku, na hidrojeni ya pumzi zao ikapungua, huenda kwa kuwa bakteria wanaokula laktosi bila kutoa hidrojeni huongezeka wakilishwa kila siku. Kwamba akitaka, angeweza kujaribu, taratibu, kwa maziwa kidogo kwenye chai yake. Kwamba asipotaka, hiyo ni haki yake. Na kwamba nilikosea kumkanyaga mguu.

Hakujibu mpaka kesho yake jioni. Alisema hana haja ya kujaribu, amesharidhika na mtindi.

Tunakwenda Mbulu tena Desemba. Bibi amenituma nimuulize jambo moja tu: anapenda yaliyokaa siku mbili au tatu?

"Tatu," amejibu.